UZI: Unguja hadi Kitulo kwa gari, na kulala hemani wakati wa sakitu

Kipupwe_Malindi

Assalaam aleikum wana jukwaa. Kila ukikaribia mwezi wa sita maswali ni yale yale, vipande vipande, kila mmoja na uzi wake. Nayaweka pamoja hapa: safari ya gari kutoka bandari ya Malindi, hapa Unguja, hadi hifadhi ya Kitulo, nyanda za juu kusini, na kulala hemani kwenye baridi ya kweli. Wenye ujuzi wa gari na wa jikoni waongeze, mie nitaanza na njia na hesabu ya baridi.

Kwanza baridi yenyewe. Ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6 na nusu. Usiku wa kipupwe Unguja una nyuzi 21 au 22 hivi, na uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 na zaidi. Toa 17, umebaki na 4 au 5. Hiyo ni hewa tu. Mbingu ikiwa kavu haina wingu na upepo umelala, ardhi inatoa joto lake usiku kucha na majani yanashuka chini ya sifuri. Asubuhi unakuta nyasi nyeupe: hiyo ndiyo sakitu, si theluji. Jua likishatoka haikai sana. Tunajiandalia usiku wa nyuzi 0, na kidogo chini yake. Anayejiandalia nyuzi 10 kwa kuwa alishawahi kulala Morogoro, asifike huko.

Msimu: Juni hadi Agosti ni pakavu na ndiyo baridi kali. Maua ya Kitulo, yale yaliyofanya paitwe Bustani ya Mungu, yanatoka na mvua, Desemba mpaka Aprili. Huwezi kupata vyote viwili. Anayetaka maua aende na koleo na minyororo ya matope, uzi wake ni mwengine.

Njia: Malindi – Dar kwa meli inayopakia gari. Dar – Morogoro kama km 190, lala hapo. Morogoro – Iringa kama km 310, ambazo ni siku nzima kwa sababu ya hifadhi ya Mikumi na mlima wa Kitonga. Iringa – Makambako – Njombe kama km 220, lala Njombe. Siku ya nne Njombe – Makete km 107 za lami, halafu vumbi kupanda uwandani. Kuna wanaotaka kufika kwa siku mbili. Kutoka usawa wa bahari mpaka mita 2,700 kwa siku mbili ni kujitafutia kichwa kuuma. Ule usiku wa Njombe, karibu na mita 2,000, ndio unaokuzoesha.

Karatasi: gari yenye namba za Zanzibar haivuki hivi hivi, inapita forodha. Unakwenda matembezi, basi unaomba kibali cha muda, na ukirudi unakifunga. Nenda bandarini siku kadhaa kabla, si asubuhi ya meli. Chukua kadi halisi ya gari, kitambulisho, na kama gari si yako barua ya mwenyewe. Bima angalia imeandikwa inafanya kazi na bara.

Fundi_Mikunguni

Waaleikum salaam. Upande wa gari nauchukua mie.

Ugonjwa wa gari za kwetu ni maji matupu kwenye rejeta. Unguja hayakudhuru upesi, yanaleta kutu tu. Huko juu yana makosa mawili. Kwenye kupanda yanachemka mapema, kwa sababu kadiri unavyokwenda juu maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Na usiku wa sakitu yanaweza kuganda, na maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9. Rejeta haina pa kwenda, inapasuka. Mwaga yote, suuza mara mbili kwa maji safi mpaka yatoke bila rangi ya kutu, jaza kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kuganda na kuchemka, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa. Ikiwa umenunua ile iliyokwisha changanywa usiongeze maji. Badilisha na kifuniko cha rejeta kama mpira wake umekauka, maana presha ndiyo inayozuia kuchemka na kifuniko kibovu hakishiki presha.

Betri. Kwenye nyuzi 0 betri ya risasi inatoa kama asilimia 80 tu ya nguvu yake, na injini nayo ni nzito kuzungusha kwa sababu oili imekaza. Betri iliyochoka inawasha gari Unguja miaka miwili bila kukwambia kitu, halafu inakwambia Kitulo saa 12 asubuhi. Ipime kabla. Gari ikiwa imelala usiku kucha, mita isome volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Halafu mtu awashe wewe ukiangalia mita: ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, ibadilishe. Injini ikinguruma isome 13.8 mpaka 14.4, vyenginevyo alteneta haichaji. Vichwa vya betri visugue kwa brashi ya waya, vioshe kwa magadi na maji, vikaushe, vipake grisi. Chumvi ya kwetu inavila kimya kimya, na baada ya kuvuka baharini osha gari chini pia.

Oili: waliozoea 20W-50 hawafi, lakini 15W-40 au 10W-40 inazunguka wepesi zaidi asubuhi, maadamu kitabu cha gari kinaikubali.

Nguvu: injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 kila mita 1,000. Kwenye uwanda umepoteza robo. Gari iliyojaa watu saba na godoro juu ya paa itakwenda gia ya pili, msiilaumu.

Breki, pedi zikiwa zimebaki milimita 4 au chini badilisha hapa hapa. Hapa Unguja breki hazijui mlima.

Shoga_Mkunazini

Ahsante fundi. Kaka Kipupwe, swali: ni lazima kununua hayo mabegi ya kulalia? Tuna mablangeti mazito mawili na godoro la sufi la bibi. Na viatu gani?

Kipupwe_Malindi

Dada, godoro la sufi liache nyumbani, bibi alitunze. Sufi ukiilalia inabonyea, hewa inatoka, na unyevu ikiupata hauondoki. Watu huchanganya sufu na sufi: inayotia joto hata ikipata unyevu kidogo ni sufu, manyoya ya kondoo.

Na hapa ndipo watu wa pwani tunapokosea. Tunajifunika juu, kumbe joto linatoka kwa chini. Blangeti unalolalia limebanwa na mwili, halina hewa, na ardhi ya nyuzi 2 inakunywa joto lako usiku kucha. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, ipeleke chini. Kitanda kinapangwa hivi, kuanzia ardhini:

Turubai la plastiki, likunje kingo ziingie chini ya hema, zisitokeze nje. Zikitokeza zinakusanya umande na kuupeleka chini yako. Kisha hema. Ndani yake weka sponji ngumu ya seli zilizofungwa, ile nyepesi isiyofyonza maji, unene wa sentimita 1 na nusu hivi. Juu yake godoro la sponji la kawaida la inchi 3. Mkeka wa ukili si kizuizi cha baridi, ni pambo. Halafu blangeti moja chini, wewe, na begi la kulalia au mablangeti mawili juu. La juu kabisa liwe jepesi, zito linabana hewa ya yale mengine.

Begi la kulalia la mtumba linatosha, ila soma lebo yake. Huwa na namba mbili: ya kulala raha na ya mwisho. Wauzaji hutaja ya mwisho. Wewe tafuta ile ya raha iwe nyuzi 0 au chini. Likiandikwa raha nyuzi 10, ongeza blangeti. Litazame juani na pekua zipu yake kabla ya kulipa, zipu ndiyo inayokufa kwanza.

Nguo za kulalia ziwe kavu na za usiku peke yake. Zile ulizoshindia zina jasho hata kama hulioni. Fulana ya pamba iliyolowa jasho ni baridi inayotembea. Soksi za sufu jozi mbili, lakini zisibane. Mguu uliobanwa damu haifiki. Kofia muhimu kuliko glavu. Makambako na Njombe mitumba ya masweta na majaketi ni mingi, kwa hiyo usibebe zigo kutoka Darajani.

Chupa ya maji ya moto: chuma au plastiki ngumu, kifuniko kikazwe, ipindue ujaribu, ivishe soksi, iweke katikati ya mapaja, si miguuni. Hapo mishipa mikubwa ya damu ni ya karibu.

Mtoto_wa_Chake

Jamani mbona mnajitesa. Seredani moja, makaa yakishashika na moshi ukaisha, unaingiza hemani nusu saa, hema linakuwa joto kama Chake mchana, unatoa mnalala. Hakuna moshi hakuna tatizo.

Nesi_Kibandani

Mwanangu, hiyo "moshi ukaisha" ndiyo inayoua. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Inashika kwenye damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, basi damu inazunguka imebeba kitu kisicho na faida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, usingizi mzito. Sasa ziangalie tena hizo dalili: ndizo zile zile za urefu wa mlima. Mtu ataambiwa "ni mwinuko tu, lala", na akilala haamki. Nusu saa inatosha kwenye hema la watu watatu, na ukilitoa seredani hewa ile haitoki nayo. Jivu la moto lililoachwa kwenye ukumbi wa hema ni jambo lile lile. Jiko la gesi ndani, jambo lile lile. Gari inayonguruma karibu na mlango wa hema ili mpate hita, jambo lile lile.

Mtu akilalamika kichwa hemani: toa wote nje kwanza, kisha ulizana.

Na nyengine nisiisahau. Mwenye seli mundu asipande huku bila daktari wake. Baridi, kukosa maji mwilini na hewa nyepesi, vyote vitatu vinamwamsha maumivu. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kwenye buti la gari.

Mtu aliyepozwa na baridi anaanza kutetemeka, mikono haifungui zipu, maneno yanamlegea kama mlevi. Akiacha kutetemeka huku bado baridi, hali imekuwa mbaya, si nzuri. Vua nguo zilizolowa, mwingize begini na mtu mwengine mwenye joto, mpe chai ya sukari nyingi akiwa anaweza kumeza. Usimsugue mikono na miguu, damu ya baridi inarudi moyoni kwa ghafla.

Mtoto_wa_Chake

Nimesikia, bi mkubwa. Nimeifuta seredani kwenye orodha.

Kipupwe_Malindi

Usiifute ami, ipeleke, ikae nje. Ya kuota kabla ya kulala haina mfanowe, na ya kuchomea mahindi. Hakikisha tu inazimwa kwa maji, si kwa mchanga, maana makaa yaliyofunikwa na mchanga yanakaa hai mpaka alfajiri.

Na hema lisizibwe. Watu wanne wanapumua maji usiku kucha. Ukifunga kila tundu, maji yanagonga kitambaa cha baridi na kudondoka juu ya mablangeti. Acha matundu mawili wazi, moja chini upande wa upepo na moja juu upande wa pili.

Mpishi_wa_Kajificheni

Jikoni sasa. Mtungi wa gesi msipande nao melini, chukueni bara. Mdogo wa kilo 6 wenye jiko juu yake unatosha watu wanne usiku nne: jiko moja likiwaka wazi linakula gramu 150 hadi 200 kwa saa, na mnapika saa mbili na nusu kwa siku. Hata kilo mbili hamfiki.

Vile vikopo vidogo vya gesi vya kambi viangalieni. Vikiwa na butani tupu, inaacha kugeuka hewa ikikaribia nyuzi 0. Kopo limejaa na moto hauwaki. Propani haina shida hiyo, inakwenda mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wa kawaida ni mchanganyiko, nao asubuhi moto unaweza kuwa mdogo. Uweke kwenye beseni la maji vuguvugu, unaamka. Msiumulike moto. Nasema hivi kwa sababu watu humulika.

Maji kwa mita 2,700 yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100. Yanaruka ruka kwenye sufuria ukadhani yameiva. Maharage yaacheni kabisa kama hamna sufuria ya presha. Yatakula gesi yote na bado yatagonga meno. Bebeni adesi nyekundu, zinaiva haraka. Mchele uloweke nusu saa, ongeza maji kidogo, na funika kwa jiwe juu ya mfuniko. Mbatata za Makete na Njombe nunueni kule kule, zikateni ndogo. Tungule chukueni Ilula, vitunguu Ruaha Mbuyuni, vyote viko barabarani.

Kabla ya kulala kula kitu chenye mafuta na sukari. Tumbo linalosaga ndilo hita. Njugu, tende, na haluwa ya Wete ndiyo kazi yake hii hasa, kipande cha vidole viwili na chai ya tangawizi. Haluwa itakaza kwa baridi, kateni ikiwa bado mchana. Na maji ya chai ya alfajiri yamimineni kwenye sufuria usiku ule ule, dumu likishika barafu mdomoni hamtamimina kitu.

Dereva_wa_Bara_Visiwani

Barabara, kwa kifupi, maana wengi wanaijua mpaka Morogoro.

Mikumi barabara inakata hifadhi kama km 50. Fuata vibao vya mwendo, na usipite usiku: tembo haakisi taa. Ukigonga mnyama unalipa, na kila mnyama ana bei yake.

Kitonga kupanda ni uvumilivu, malori yapo mbele yako na hakuna pa kuyapita. Kushuka ndiko kunakoua. Kanuni ni gia ile ile ungepandia. Otomatiki shusha kwenye 2 au L kabla ya kuanza, si katikati. Breki kanyaga kwa nguvu, achia kabisa, ziachie zipoe. Ukizikalia kidogo kidogo maji ya breki yanachemka, pedali inazama mpaka chini na hakuna kitu. Ukinuka harufu ya kuungua simama palipo salama, acha dakika 20, na usimwagie maji gurudumu.

Kuna wanaopendelea kupanda Kitulo kwa Chimala na Matamba, ile njia ya Hamsini na Saba. Jina ni hesabu ya kona zake. Ni nzuri kwa macho, mbaya kwa gari ya chini. Honi kila kona, anayepanda apewe njia, na usiingie jioni. IST na ndugu zake ziishie Makete mjini kwenye lami. Noah yenye gia ya magurudumu manne inapita kiangazi ikiwa haijalemewa. Mafuta jazeni Njombe au Makambako.

Hifadhi haichukui fedha mkononi, malipo ni kwa namba ya malipo. Lipeni mkiwa bado mna mtandao.

Maalim_wa_Wete

Ndugu zangu, la udhu. Nusu ya mitihani ya baridi iko alfajiri. Maji yachemsheni kidogo, hakuna ujasiri katika kujitesa. Mwenye kuvaa khofu (soksi za ngozi) akiwa na udhu anapangusa juu, na msafiri ana siku tatu na masiku yake. Akihofia madhara na hana cha kupashia, tayamamu ipo. Nyakati za sala kwenye simu zibadilisheni: Makete iko magharibi ya kwetu, jua linatoka dakika 20 na zaidi nyuma ya Unguja. Mwenye kufuata ratiba ya nyumbani atasali alfajiri kabla ya wakati wake.

Shoga_Mkunazini

Maalim, Allah akuzidishie. Kaka Kipupwe, hema tulipige wapi? Karibu na kijito, tuchote maji?

Kipupwe_Malindi

Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Hewa ya baridi ni nzito, inatiririka kama maji na kutuama bondeni. Panda mteremko mita 20 au 30 kutoka kijitoni, unapata nyuzi kadhaa za bure. Usiende mpaka kilele, kuna upepo. Tafuta bega la kilima, mlango uangalie mashariki kidogo ili jua la kwanza liupate, mgongo wa hema kwenye upepo. Asubuhi sakitu inakuchorea ramani yenyewe: palipo peupe ndipo hukupaswa kulala.

Mambo ya hema, yaani vigingi, yapigwe yakiinamia nje ya hema, nyuzi 45. Udongo wa juu kule una mizizi ya nyasi, unashika vizuri. Kamba za pembeni kaza tena baada ya Isha, kitambaa cha nailoni kikipata umande kinalegea. Simu na betri za tochi ingieni nazo begini, baridi inazimaliza.

Mtoto_wa_Chake

Na sie wa Pemba? Kitulo ni mbali, likizo ya skuli ni fupi, na watoto ni wadogo.

Dereva_wa_Bara_Visiwani

Nyie mna njia bora kuliko Unguja. Mkipata meli ya gari ya Tanga, mnashuka Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo, na kutoka Mombo ni kama km 33 za lami yenye kona mpaka Lushoto. Mji uko mita 1,400 hivi, baridi ya nyuzi 10 mpaka 12 usiku wa kipupwe, haina sakitu. Kitanda kile kile, toa blangeti moja. Kwa watoto ndiyo skuli ya kwanza ya baridi. Ila Lushoto kuna ukungu na manyunyu hata kipupwe, kwa hiyo turubai la juu la hema ni lazima, tofauti na Kitulo ambako wengine hulikunja kuangalia nyota.

Fundi_Mikunguni

Mkirudi: hema lianikeni juani kabla hamjalifunga kwa mara ya mwisho, hata kama ni kando ya barabara Iringa. Likifika Unguja na unyevu, kwa joto la kwetu wiki moja tu lina ukoga mweusi kwenye mishono, na dawa ya kuzuia maji inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Zipu zipakeni mshumaa. Na kibali cha forodha kifungeni siku ile ile mnayoshuka, kabla hamjaenda kuoga.